Wafo za chokoleti kwa chai ya sikukuu: mwongozo kwa majiko ya Mbeya, Iringa na Njombe

Kila Krismasi, Pasaka au Idi inapokaribia, na kila mtoto anapotimiza mwaka, maswali ni yale yale. Mbona wafo (waffle, ile mikate laini yenye vishimo) zimeng'ang'ania kwenye mashine? Naweza kutumia chokoleti ya kunywa ya kopo? Nimefuata vipimo vya mtandaoni, mbona zimevimba halafu zikasinyaa? Nimeyajibu yote hapa kwa pamoja. Vipimo ni vya mtu anayepika kwenye baridi na mwinuko wa Nyanda za Juu Kusini. Ukiwa Dar es Salaam au Kyela kwenye joto, badili beking pauda tu kama nitakavyoeleza, mengine yabaki.

Kuna jambo moja la kulishika mapema. Wafo ya kawaida unajua imeiva kwa kuiangalia rangi. Ya chokoleti inaingia kwenye mashine ikiwa nyeusi na inatoka ikiwa nyeusi, kwa hiyo macho hayakusaidii. Utafuata mvuke, harufu na kidole. Wengi wanaotoa wafo mbichi au zilizoungua wameziangalia rangi.

Vyombo

Mashine ya wafo ya umeme, au ile ya chuma inayowekwa juu ya jiko la gesi. Kama unanunua ya mtumba, igeuze kwanza usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 120. Ukiichomeka hiyo bila transfoma, umeshaiua. Soma na wati pia: nyingi zinakula kati ya 700 na 1,200, na sola ndogo ya taa na televisheni haiwezi kuzibeba. Kuhusu Luku usiogope. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka dakika 45 mfululizo haimalizi uniti moja.

Mabakuli makubwa mawili na dogo moja, mchapo wa mayai (au uma mbili ulizozishika pamoja), chekeche, upawa, brashi ya kupakia mafuta na mwiko mwembamba wa mbao. Uma au kisu cha chuma kisiguse mashine. Kitachuna ule utando usioshika chakula, na ukishachunika haurudi. Uwe pia na wavu wa kupoozea. Wavu wa kuchomea nyama uliosuguliwa ukatakata unafaa kabisa.

Mahitaji (wafo 6 hivi, watu watatu au wanne)

- Unga wa ngano, kikombe 1
- Unga wa ulezi uliochekechwa, nusu kikombe
- Unga wa kokoa usio na sukari, vijiko vya chakula 4
- Beking pauda, kijiko cha chai 1 na nusu
- Sukari, vijiko vya chakula 3
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Mayai 2 ya kisasa, au 3 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo
- Maziwa, robo tatu ya kikombe
- Mtindi mzito usio na sukari, nusu kikombe
- Mafuta ya alizeti, robo kikombe, na mengine kidogo ya kupaka mashine

Kikombe ni cha mililita 250, si kikombe chochote kilicho kabatini. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae mlima.

Maziwa ya kupimiwa mtaani yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyatumie. Usiseme yataivia kwenye mashine, kwa sababu utakuwa umeshaonja rojo kwa kidole, na watoto pia wataonja.

Ulezi ndio unaofanya hizi wafo zishibishe hadi mchana, na una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Lakini uwe ulezi mtupu. Unga wa uji wa lishe uliochanganywa na karanga na soya hautakiwi hapa. Karanga zinaungua haraka na zinanata. Tena uwe ulezi uliooshwa na kuanikwa kabla ya kusagwa. Kama una wasiwasi, tia chembe ya unga mdomoni usage kwa meno ya mbele: mchanga utausikia hapo hapo, na usipousikia sasa, wageni watausikia mezani. Huna ulezi? Weka unga wa atta kwa kipimo hicho hicho, ongeza maziwa vijiko viwili.

Wapo wanaoponda ndizi mbivu ndani ya rojo ili wapunguze sukari. Mimi siiweki. Ndizi inalainisha wafo na kuifanya ishike kwenye mashine, na kama ni utamu wake unautaka, utaupata vizuri zaidi ikikatwa juu ya wafo iliyokauka. Sukari hapa tumeshaipunguza, ila usiiondoe yote. Hiyo kidogo ndiyo inayosaidia ngozi ya nje kukauka.

Kokoa ipi?

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kopo la chokoleti ya kunywa si kokoa. Lisome ubavuni: kama neno la kwanza kwenye viambato ni sukari, hilo ni la kikombe cha jioni, si la wafo. Ukilitumia, wafo itakuwa tamu, itanata kwenye mashine, na ladha ya chokoleti utaitafuta. Vinywaji vya kimea vya watoto ni hivyo hivyo. Unachotaka ni unga wa kokoa mtupu, wenye uchungu ukiulamba.

Sasa, wewe uliye Mbeya una bahati ambayo wa Arusha hana. Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka Kyela, nyingine Rungwe na Busokelo, na si ajabu ukawa na shangazi au rafiki anayeweza kukupatia kilo ya punje. Ukizipata, zitumie, lakini ujue unatengeneza kitu tofauti na unga wa dukani. Punje ya kokoa karibu nusu yake ni mafuta. Kiwandani huyakamua ndipo wanapata unga. Wewe nyumbani hukamui, kwa hiyo ukisaga utapata lahamu, yaani uji mzito, nyeusi inayong'aa.

Omba punje zilizovundikwa na kukaushwa. Zile zilizokamuliwa kwenye tunda na kuanikwa moja kwa moja zina ukakasi na hazitoi harufu ya chokoleti hata uzikaange vipi. Ukizipata nzuri, zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuchoka, kama dakika 20. Zitaanza kupasuka moja moja, na harufu itabadilika: mwanzo inakuja kama siki, kisha inakuja chokoleti yenyewe. Hapo epua. Zikiwa bado na joto zimenye maganda kwa vidole, yapepete, kisha twanga kwenye kinu kikavu kilichopashwa kwa maji ya moto na kufutwa, au saga kwa blenda yenye nguvu kwa vipindi vifupi. Mwanzo ni chenga, halafu zinashikana, halafu mafuta yanatoka na lahamu inalegea. Haitakuwa laini kama ya kiwandani. Chembechembe zitabaki, na kwenye wafo zinapendeza.

Kipimo chake: vijiko vya chakula 4 vya lahamu badala ya vijiko 4 vya unga, na upunguze mafuta ya alizeti kwa vijiko viwili, kwa sababu lahamu imekuja na mafuta yake.

Na mbwa wa nyumbani asipewe makombo. Kokoa ni sumu kwake.

Beking pauda na mwinuko

Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko mbali na hapo, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na gesi ya beking pauda inapanuka kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana vipimo vya Ulaya au vya pwani vikipikwa huku, rojo linafura haraka kabla halijashikamana, kisha linaanguka. Kwa vipimo vya hapa tumia kijiko kimoja na nusu. Pwani weka viwili.

Beking pauda si hamira. Hamira ni chachu, inataka muda wa kuumuka. Na usije ukaweka magadi ya kuivishia maharage, wala kitu chochote kilichonunuliwa kwa ajili ya kutengenezea sabuni. Magadi yataharibu ladha. Soda ya sabuni inaunguza koo.

Hatua

1. Usiku wa kuamkia sikukuu, pima vikavu vyote: unga wa ngano, ulezi, kokoa, beking pauda, sukari na chumvi. Vichekeche pamoja mara mbili. Kokoa ina tabia ya kufanya vidonge vidogo vigumu, na kidonge kilichopona chekeche utakikuta ndani ya wafo kikiwa kikavu na kichungu. Funika bakuli. (Kama unatumia lahamu ya Kyela, yenyewe isubiri hatua ya 4.)

2. Asubuhi, kabla ya lolote, weka mayai kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika tano, na pasha maziwa yawe vuguvugu tu. Juni na Julai usiruke hatua hii hata kama mayai hayakulala kwenye friji. Jiko la Uyole au Mafinga alfajiri ni friji tosha. Rojo la baridi linapoza mashine kila unapomimina, na lahamu ya kokoa ikikutana na maziwa ya baridi inaganda vipande.

3. Tenga viini na ute. Ute uingie kwenye bakuli kavu lisilo na tone la mafuta wala kiini. Tone moja la kiini linatosha kuuzuia usifanye povu.

4. Kwenye bakuli jingine piga viini, maziwa, mtindi na mafuta mpaka viwe kitu kimoja. Lahamu, kama unayo, iyeyushe juu ya sufuria ya maji ya moto na uiingize hapa taratibu huku unakoroga.

5. Mimina majimaji kwenye vikavu. Koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha acha. Madonge madogo yasikusumbue. Ukiendelea kukoroga mpaka rojo liteleze, unaivuta ngano na wafo itakuwa ngumu ya kutafuna. Rojo liwe zito kuliko la chapati za maji, lakini lidondoke lenyewe kutoka kwenye upawa.

6. Liache litulie dakika 10, ulezi unywe maji. Wakati huo huo washa mashine ikiwa imefungwa na tupu. Isubiri dakika nane hadi kumi, hata kama taa imeshakuonyesha kwamba iko tayari. Taa inapima joto la mahali pamoja, nawe unataka chuma chote kiwe cha moto. Siku umeme ni mdogo, na asubuhi za sikukuu kila nyumba imewasha jiko, ongeza dakika tano.

7. Rudi kwenye ute. Upige mpaka usimame: ukiinua mchapo, ncha ya povu inabaki juu na inainama kidogo tu. Ingiza povu kwenye rojo kwa mafungu matatu, ukigeuza kutoka chini kuja juu kwa mkono mwepesi. Mistari michache myeupe ikibaki ni sawa. Kazi hii ni ya lazima kwa sababu ulezi ni mzito na haujiinui wenyewe. Baada ya hapo usiliweke rojo likae, anza kupika.

8. Paka mafuta pande zote mbili za mashine kwa brashi, hadi kwenye mashimo. Fanya hivi kabla ya kila wafo. Siagi usiitumie hapa, maana inaungua na kuacha masizi.

9. Mimina rojo katikati, lifike karibu theluthi mbili ya upana, funga. Litajitandaza lenyewe. Ukijaza mpaka ukingoni utafuta meza nzima.

10. Sasa mikono mbali. Usifungue kuchungulia, hasa dakika mbili za mwanzo; wafo bado laini, na ukiinua kifuniko inachanika vipande viwili, kimoja juu na kimoja chini. Angalia mvuke pembeni. Mwanzo unatoka kwa wingi, kisha unapungua, kisha unabaki uzi mwembamba. Hapo ndipo imeiva, mara nyingi baada ya dakika nne hadi sita. Nusa pia: harufu ya chokoleti inajaa jiko mvuke unapoanza kupungua. Harufu ikikugeukia ya ukali, kama kahawa iliyopitilizwa, umechelewa.

11. Inua kifuniko pole pole. Kikigoma usilazimishe, funga tena, subiri nusu dakika, jaribu tena. Gusa katikati ya wafo kwa ncha ya kidole haraka: ikirudi juu imeiva, ikibaki na alama ya kidole rudishia dakika moja. Mvuke wa kifuniko unababua, kwa hiyo uso uwe mbali na watoto wasikae karibu.

12. Toa kwa mwiko, laza kwenye wavu. Usipange moja juu ya nyingine na usiweke kwenye hotipoti. Wafo ikitoka ni laini kidogo, inakauka ikipumua kwa dakika moja au mbili. Ukiifunika, mvuke wake unairudia na inalegea. Kama unataka wote mle pamoja, ziweke kwenye oveni ya moto mdogo sana juu ya wavu wake.

Mezani

Ndizi mbivu za Tukuyu zilizokatwa, mtindi mzito kijiko kimoja, karanga zilizokaangwa na kupondwa. Hiyo inatosha kabisa. Maji ya pesheni yaliyokorogwa na asali kidogo nayapenda kuliko sosi yoyote ya chupa, kwa sababu uchachu wake unakata uzito wa kokoa. Pichesi na plamsi zikiwa sokoni, zichemshe na maji kidogo mpaka zilegee. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata ya kulambishwa.

Kinywaji ni chai ya rangi au kahawa ya Mbozi. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi juu ya hizi inachosha mdomo.

Ukikwama

*Wafo imenata.* Mashine haikupata moto wa kutosha, au mafuta hayakufika kwenye mashimo, au umetumia chokoleti ya kopo yenye sukari. Izime, ipoe hadi iwe vuguvugu, toa mabaki kwa kijiti cha mbao na kitambaa chenye maji. Usiitumbukize kwenye maji. Wafo ya kwanza ya kila asubuhi huwa mbovu mbovu hata kwa aliyezoea. Mpishi aile akiwa amesimama.

*Nje imeiva, ndani mbichi.* Umeme ulikuwa mdogo au umemimina rojo jingi. Punguza rojo, ongeza muda. Kama mashine ina kitufe cha kupandisha moto, usikipandishe hadi mwisho, kwa sababu kokoa itaungua kabla katikati hapajaiva.

*Imevimba kisha ikasinyaa.* Beking pauda imezidi, au umefungua mapema.

*Ngumu na nzito.* Umekoroga sana, au beking pauda ni ya zamani. Ijaribu: nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipochemka povu papo hapo, itupe.

*Kavu kama biskuti.* Kwenye mwinuko maji hukauka haraka. Ongeza maziwa vijiko viwili, na toa wafo mvuke ukiwa bado uzi mwembamba, usingoje uishe kabisa.

*Chungu.* Kama hukuunguza, basi punje zako hazikuvundikwa vizuri au zilikaangwa mno. Sukari haitaokoa. Ongeza chumvi chembe na upake asali juu, na safari ijayo badilisha punje.

*Umeme umekatika katikati.* Rojo lisikufie. Weka kikaango kizito kwenye gesi au mkaa wa moto mdogo, paka mafuta, mimina nusu upawa, funika. Vitundu vikianza kutoboka juu, geuza. Hazitakuwa na mashimo ya kushikia asali, lakini zitalika zote.

*Zimebaki.* Zipoe kabisa, zifunge kwenye mfuko, weka kwenye jokofu la kugandisha. Asubuhi ya shule pasha kwenye tosta au kikaango kikavu, dakika mbili kila upande, bila mafuta. Maikrowevu itazilainisha, usiitumie.